Uwanda Usio na Reli: Njia na Baiskeli katika Historia ya Ufipa

Mwaka 1950 reli ilifika Mpanda na kuishia hapo. Ilitoka Kaliua, magharibi ya Tabora, ikakata misitu ya miombo kwa kilomita 210, na sababu ya kujengwa kwake ilikuwa moja: kusomba madini ya risasi ya kampuni ya Uruwira Minerals. Machimbo hayo hayakudumu. Yalifungwa mwaka 1960, na reli ikabaki na abiria na mazao. Mwaka 1975 reli nyingine, TAZARA, ilikamilika kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, kilomita 1,860, ikivuka mpaka pale Tunduma. Kati ya Mpanda na Tunduma umelala uwanda wa juu wa Ufipa, na katikati ya uwanda huo uko mji wa Sumbawanga. Mkazi wa Sumbawanga anayetaka kupanda treni, akielekea kaskazini au akielekea kusini mashariki, atasafiri zaidi ya kilomita 200 kabla ya kuiona stesheni.

Katika nchi nyingi siku hizi watu huendesha baiskeli kwa raha juu ya matuta ya reli zilizoacha kazi. Mataruma yameng'olewa, kokoto zimesawazishwa, na njia iliyokuwa ya garimoshi imekuwa ya familia zinazotembea taratibu mashambani. Ufipa haina tuta la namna hiyo. Hata hivyo ina njia ndefu, pana kiasi cha kutosha gurudumu, zinazopita katika nchi ya wazi yenye upepo wa baridi, na watu wameziendeshea baiskeli kwa miaka mingi. Njia hizo zina historia ndefu kuliko reli yoyote ya Tanzania. Zilichorwa na miguu ya wafua chuma, wapagazi, wakulima na wachuuzi wa samaki, na ni urithi unaostahili kutunzwa kwa bidii ileile ambayo wenzetu wa mbali wanatunza matuta ya reli zao.

Uwanda na kingo zake

Ili kuelewa kwa nini reli iliukwepa uwanda huu, ni lazima kwanza kuuelewa mwinuko wake. Magharibi liko Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake yako mita 773 juu ya usawa wa bahari. Mashariki liko Ziwa Rukwa, lililo karibu na kimo hichohicho. Katikati ya mabonde hayo mawili ya ufa, Ufipa imenyanyuka hadi kama mita 1,800, na milima yake ya Mbizi na Malonje inapita mita 2,400. Anayetoka ziwani kwenda juu anapanda kama mita 1,000 katika mwendo mfupi, na kingo za uwanda, hasa upande wa Rukwa, zimesimama kama ukuta.

Treni haiwezi ukuta wa namna hiyo. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza upesi, na kwa kawaida wahandisi hawaruhusu njia ipande zaidi ya mita mbili au tatu kwa kila mita 100. Kwa kiwango cha mita mbili, kupanda mita 1,000 kunahitaji kilomita 50 za kuzunguka mlimani, pamoja na madaraja na makato ya miamba. Hesabu hiyo inalipa pale tu juu ya mlima panapokuwa na dhahabu, shaba au bandari. Juu ya Ufipa palikuwa na ulezi, maharage, ng'ombe na watu.

Lakini mtu akishafika juu, nchi hubadilika kabisa. Vilima ni vya mviringo, miteremko ni mirefu na ya polepole, miti ni michache, na jicho linaona kijiji kinachofuata muda mrefu kabla miguu haijafika. Mvua huanza karibu na Novemba na kukoma mwezi wa Aprili. Baada ya hapo njia hukauka na kuwa ngumu, na kuanzia Juni upepo huwa mkali na baridi huuma. Ni nchi ngumu kuifikia, lakini ukishaifikia ni rahisi kuitembea, na jambo hilo limeongoza historia yake yote ya usafiri.

Njia za wafua chuma

Kabla ya chuma cha kigeni kuja, Ufipa ilikuwa na chuma chake. Wafipa waliyeyusha mtapo katika tanuri refu waliloliita ilungu. Tanuri hilo lilikaribia au kufikia mita tatu kwenda juu, pana chini na jembamba juu, na lilijengwa kwa udongo wa kichuguu. Ndiyo maana hadi leo mabaki mengi ya malungu yanaonekana kando ya vichuguu vikubwa. Udongo wa mchwa ni mlaini, unashikana vizuri na unavumilia moto.

Ujenzi wake ulikuwa na akili nyingi. Chini, kuzunguka tanuri, waliacha matundu kadhaa na mlango mmoja mkubwa. Katika matundu waliingiza mirija ya udongo ya kupitishia hewa. Ndani walipanga kuni, makaa na mtapo kwa matabaka, wakijaza kupitia juu. Moto ukishawashwa, tanuri lilivuta hewa lenyewe kwa sababu ya urefu wake, bila mtu kuvuta mivukuto, likaendelea kuwaka kwa siku kadhaa. Kilichotoka hakikuwa tayari kwa kufuliwa. Kilikuwa bonge lenye matundu, limechanganyika na mavi ya chuma. Bonge hilo lilipelekwa kwenye tanuri la pili, dogo, lililoitwa kintengwe, na hapo ndipo mivukuto ilipotumika kulisafisha. Baada ya hapo mhunzi alilifua likawa jembe, shoka au mkuki.

Kazi hii iliandikwa na wamisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika na maofisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20, na baadaye Bertram Mapunda, mtaalamu wa mambo ya kale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliifanyia utafiti wa kina katika eneo la Nkansi, Ufipa. Kwa historia ya njia, jambo kubwa ni kwamba jembe halibaki mahali lilipofuliwa. Linakwenda kwa mkulima. Mtapo unakwenda kwenye kichuguu, makaa yanatoka msituni, na mbuzi, nafaka, chumvi au nguo za pamba zilizofumwa bondeni Rukwa zinarudi kwa mhunzi kama malipo. Kila safari ilikanyaga ardhi ileile, mtu mmoja nyuma ya mwingine, mpaka ukatokea mfuo mwembamba katika nyasi. Upana wa mfuo huo, kiasi cha nyayo mbili, ndio upana hasa ambao tairi la baiskeli lingekuja kuutaka.

Ufipa wakati huo ilikuwa na falme mbili za watawala wa ukoo wa Watwa, Nkansi na Lyangalile, na nyuma yao ilikuwepo Milansi, makao ya kale ya heshima chini ya mlima Itwelele. Katika miaka ya 1840 Wangoni waliivamia nchi, na kiongozi wao Zwangendaba alifia Ufipa mwishoni mwa muongo huo. Baada ya kifo chake jeshi lake liligawanyika na kuondoka makundi makundi, kaskazini na kusini. Falme zilipona, watu wakarudi kwenye matuta yao ya intumba, wakifukia nyasi chini ya udongo ili zioze na kuwa mbolea, na njia za biashara zikafunguka tena.

Njia ya juu

Mtu mmoja aliyeijua Ufipa kwa miguu yake kuliko wasafiri wengi wa zama zake ni James Chuma, Myao aliyekulia katika misafara. Mwaka 1872 alipita pande hizi na David Livingstone, wakitoka Tabora kwenda kusini. Walifuata milima ya kando ya Ziwa Tanganyika, wakipanda na kushuka chini ya jua kali, na safari hiyo iliwachosha mno. Livingstone akafa mwaka uliofuata kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo.

Chuma na wenzake wa msafara, miongoni mwao Susi na Jacob Wainwright, waliukausha mwili wake, wakaufunga, na wakaubeba kuurudisha pwani. Walipozunguka ncha ya kusini ya ziwa hawakurudia njia ya mwaka uliopita. Waliiacha milima ya ziwani upande wao wa kushoto wakapita juu, ndani ya Ufipa, ambako mwendo ulikuwa mwepesi zaidi. Uamuzi huo ulifanywa na wapagazi wenyewe, kwa ujuzi wao, bila Mzungu wa kuwaongoza. Mwezi Oktoba 1873 walifika Unyanyembe, eneo la Tabora, na mwezi Februari 1874 walikuwa Bagamoyo.

Miaka saba baada ya safari hiyo ya Ufipa Chuma alirudi, safari hii akiwa mkuu wa msafara wa kijana Mskochi, Joseph Thomson. Mwaka 1880 walipita Ufipa wakitoka ncha ya kusini ya ziwa kwenda Tabora. Thomson aliliona Ziwa Rukwa kutoka juu ya kingo na akalipa jina la mfalme wa Ubelgiji, Leopold, jina ambalo halikushika. Alichokisifu zaidi ni nchi yenyewe: mashamba, ng'ombe, wafumaji wa nguo, na watu wapole waliokuwa tayari kuuza na kununua.

Wakati huohuo wageni walikuwa wakitafuta njia kubwa zaidi. Mwaka 1879 Wabelgiji walianzisha kituo Karema, ufukweni kaskazini mwa Ufipa, na mwaka 1885 wakakikabidhi kwa Wamisionari wa Afrika. Upande wa kusini, mfanyabiashara wa Glasgow, James Stevenson, alitoa fedha ili ijengwe barabara ya kuunganisha Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika. Barabara ya Stevenson haikukamilika kama ilivyokusudiwa. Mhandisi wake, James Stewart, alifariki mwaka 1883, na sehemu kubwa ilibaki njia iliyofyekwa tu. Hata hivyo mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani ulipochora mpaka, njia hiyo ilizingatiwa ili ibaki upande wa Waingereza. Mpaka unaotenganisha Ufipa na ndugu wa Zambia umechorwa kwa kufuata ndoto ya barabara.

Reli iliyopita kando

Baada ya barabara ikaja ndoto ya reli. Cecil Rhodes alitaka njia ya chuma kutoka Rasi hadi Kairo, na kwa kuwa Ujerumani ilikuwa imeishika nchi kati ya Ziwa Tanganyika na bahari, mwezi Machi 1899 alikwenda Berlin kuzungumza na Kaizari Wilhelm II. Alichokipata kwa uhakika ni ruhusa ya kupitisha waya wa simu za maandishi, na waya huo ulipita nchi za kando ya Ziwa Tanganyika hadi Ujiji. Reli yenyewe iligeuzwa. Shaba ya Katanga iliivuta upande wa magharibi, na mwaka 1910 ikafika Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Ufipa, ambayo kwenye ramani za awali ilikuwa karibu na mstari, ikaachwa.

Wajerumani nao walijenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam kuanzia mwaka 1905. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Kuanzia hapo mzigo wa Ufipa ungeweza kushushwa Kigoma, ukapakiwa melini, ukateremshwa Kasanga, ambako Wajerumani walikuwa na boma waliloliita Bismarckburg. Meli kubwa ya ziwa, Graf von Götzen, iliunganishwa Kigoma na kuingia majini mwaka 1915, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba. Kwa miongo mingi meli hiyo, ikitia nanga Kipili na Kasanga, ndiyo iliyokuwa kiungo cha Ufipa na reli.

Lakini Kasanga iko chini na mashamba yako juu. Kati ya gati na ghala la mkulima bado kulikuwa na ule mpando wa mita 1,000, na bado ulipandwa kwa kichwa na bega. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalipopigana kando ya mpaka huu na Waingereza wakaitwaa Bismarckburg mwezi Juni 1916, uzito wa vita uliwaangukia wapagazi waliobeba risasi na chakula cha askari. Nchi isiyo na reli wala mnyama wa mizigo hulipia vita kwa miguu ya raia wake, na vijiji vya mpakani vililipa.

Baiskeli yapanda uwandani

Baiskeli ya magurudumu mawili yaliyo sawa ilipata umbo lake Uingereza mwaka 1885, na tairi la upepo likaongezwa mwaka 1888. Afrika Mashariki iliipokea kwanza kama chombo cha maofisa na wamisionari. Baadaye ikawafikia makatekista, walimu, makarani na mabwana shamba, watu ambao kazi zao ziliwataka wafike vijiji vingi kwa siku chache. Vijana wa Ufipa waliokwenda kutafuta kazi, wengine kwenye machimbo ya dhahabu ya Lupa upande wa pili wa Ziwa Rukwa na wengine kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga, walirudi na blanketi na nguo, na aliyebahatika alirudi na baiskeli. Mwanzoni ilikuwa mali ya wanaume, na kuwa nayo kulimweka mtu katika daraja lake.

Miaka hiyohiyo malungu yalizimika. Majembe ya kiwandani kutoka Ulaya yalikuwa rahisi, kodi ililazimisha watu kutafuta fedha taslimu, na vijana waliopaswa kujifunza uyeyushaji walikuwa mbali wakifanya vibarua. Njia walizozichora wafua chuma hazikufa pamoja na matanuri. Zilipata msafiri mpya.

Mabadiliko makubwa yalikuja baada ya uhuru, na chanzo chake kilikuwa mahindi. Mkoa wa Rukwa uliundwa mwaka 1974 kutokana na sehemu za Mbeya na Tabora. Wakati huohuo serikali ilianza kununua mahindi kwa bei moja nchi nzima kupitia Shirika la Taifa la Usagishaji. Kwa mkulima wa Sumbawanga jambo hilo lilikuwa kubwa mno. Kwa mara ya kwanza umbali wake na Dar es Salaam haukukatwa katika bei yake. Pembejeo za ruzuku zikaja, na katika muda mfupi Rukwa ikahesabiwa pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa inayolisha taifa.

Malori na reli za mbali vilichukua mahindi kutoka maghala makubwa. Lakini kutoka shambani hadi ghala la kijiji, nani aliyabeba? Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilikuwa imewakusanya watu pamoja, na wengi wakawa wanaishi mbali na mashamba yao ya zamani. Umbali wa kila siku uliongezeka, na baiskeli ndiyo iliyoufupisha.

Hapa kuna kisa kidogo cha reli. Mkataba wa TAZARA ulitaka sehemu ya gharama za ujenzi zilizolipwa ndani ya nchi zipatikane kwa kuuza bidhaa za Kichina Tanzania na Zambia. Bidhaa hizo zikajaa madukani. Katika zama hizo na zilizofuata, Phoenix ya Shanghai, nyeusi, nzito, yenye magurudumu makubwa na breki za fimbo za chuma, ikawa baiskeli inayojulikana katika kila kijiji cha Tanzania, pamoja na zile za Kihindi na za Kiingereza zilizotangulia. Reli iliyoipita Ufipa kwa mbali ilikuwa sehemu ya biashara iliyoiletea uwanda huo chombo chake.

Tazama baiskeli ya mzigo inavyoandaliwa. Keria ya kiwandani huondolewa, kwa kuwa haiwezi gunia, na fundi huchomelea nyingine ya nondo inayoshika mhimili wa gurudumu la nyuma pande zote mbili. Spoku huongezwa unene. Gunia la mahindi, karibu kilo 100, husimamishwa au kulazwa juu ya keria huku mtu wa pili ameshika usukani, kisha hufungwa kwa kamba za mpira zilizokatwa kutoka matairi ya ndani yaliyochakaa, zikivutwa na kupitishwa chini ya fremu mpaka gunia na chuma viwe kitu kimoja. Mwenye baiskeli haanzi kwa kupanda. Huisukuma hatua kadhaa, akaisikiliza, akahisi kama mzigo unayumba, kisha ndipo anakaa. Kwenye mteremko mrefu hukaa wima na kuachia pedeli. Kwenye mpando hushuka na kuisukuma, mkono mmoja usukani, mwingine nyuma ya siti. Kwenye kingo za kushukia bonde la Rukwa, njia ya Muze, hata mzoefu hushuka na kuikokota, maana vipande vya mpira vya breki huisha kabla ya mlima kuisha.

Kutoka bondeni walipanda wachuuzi wa samaki na mchele. Kutoka juu waliteremka wenye maharage na mahindi. Kila kijiji kikubwa kilipata fundi wake chini ya mti, na bakuli la maji la kutafutia pancha, kipande cha msasa, gundi na viraka. Ilikuwa huduma ya reli iliyotawanywa kwa watu maelfu, kila mmoja akiwa dereva, fundi na mpakiaji wa gunia lake, na haba na haba ikajaza maghala ya taifa.

Matuta ya wengine

Wakati baiskeli za Ufipa zikibeba magunia, nchi nyingine zilikuwa zikifunga reli. Malori na magari madogo yalikuwa yamechukua mizigo na abiria. Huko Wisconsin, Marekani, njia ya treni kati ya miji midogo ya Elroy na Sparta iliyoachwa na kampuni yake ilinunuliwa na jimbo, na mwaka 1967 ikafunguliwa kwa waendesha baiskeli. Ni kilomita 51, ikipita katika mahandaki matatu yenye giza na baridi. Uingereza, wapenda baiskeli walijitolea kuligeuza tuta la zamani kati ya Bristol na Bath, kazi iliyoanza mwaka 1979. New Zealand ilifunga reli ya Otago ya Kati mwaka 1990 na kuifungua mwaka 2000 kama njia ya baiskeli ya kilomita 150 hivi. Vijiji vilivyokuwa vinakufa vikapata nyumba za wageni na migahawa.

Njia hizo hupendwa kwa sababu mhandisi wa reli aliogopa mwinuko. Anayeendesha juu ya tuta lake, hata mtoto au mzee, anafaidi hofu hiyo.

Sisi pia tumewahi kung'oa reli. Unguja ilikuwa na reli ya mjini hadi Bububu, kilomita 11 hivi, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani na kuanza kazi mwaka 1905. Ilikufa katika miaka ya 1920, na barabara ikaimeza njia yake. Kusini, Mpango wa Karanga wa Waingereza ulijenga bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea. Karanga hazikustawi kama ilivyotarajiwa, mpango ukavunjwa mwaka 1951, na reli ikafungwa mapema miaka ya 1960 na vyuma vyake kuondolewa. Hakuna aliyepanga kuyahifadhi matuta hayo kwa ajili ya miguu na baiskeli. Reli ya Nachingwea ilipong'olewa, lilikuwa taifa changa lenye njaa ya chuma na saruji, na wazo la njia ya mapumziko lilikuwa mbali.

Njia zilizoachwa huru

Sasa Ufipa nayo imefika kwenye hatua iliyozifikisha Elroy na Otago kwenye njia zao, ingawa kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 2010 barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga, zaidi ya kilomita 220, iliwekwa lami, sehemu kubwa kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Lami imeteremka pia kutoka Sumbawanga kupitia Matai hadi bandari ya Kasanga, na imekwenda kaskazini kuelekea Mpanda. Pikipiki imeingia kila kijiji na kuchukua gunia lililokuwa juu ya Phoenix. Kama lori lilivyoipokonya treni kazi huko Wisconsin, bodaboda imeipokonya baiskeli ya mzigo kazi yake.

Mzigo ukiondoka, njia hubaki. Nje ya lami kuna mtandao wa njia za udongo unaounganisha vijiji vya Nkansi, Sumbawanga na Kalambo, zenye magari machache. Zinapita kwenye mabaki ya malungu, kwenye makanisa ya matofali ya misheni kongwe kama Kate na Mwazye, alikozaliwa Kardinali Polycarp Pengo mwaka 1944, na kwenye msitu wa Mbizi wenye mbega wekundu. Upande wa kusini magharibi zinaelekea kwenye maporomoko ya Kalambo, ambayo yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mruko mmoja mpakani na Zambia. Mtu anayeendesha taratibu kwa siku chache anaweza kuisoma historia yote niliyoisimulia, ukurasa baada ya ukurasa, kwa kimo cha macho yake.

Hatari ni kwamba njia hizi hazina hati. Tuta la reli lina ramani, mipaka na mmiliki, na ndiyo maana Wisconsin iliweza kulinunua. Mfuo wa wapagazi unalindwa na matumizi tu. Shamba likipanuliwa juu yake kwa misimu miwili, umekwisha. Tanuri la ilungu likivunjwa ili udongo wake utumike kwa matofali, haliwezi kurudishwa. Hata reli mpya inayotajwa katika mipango ya serikali, kutoka Kaliua kupitia Mpanda, inaelekea bandari ya Karema, ziwani, ikiuacha uwanda upande wa kusini. Kwa hiyo Ufipa isingoje tuta la kurithi.

Kinachohitajika kiko ndani ya uwezo wa halmashauri na vijiji. Njia za zamani zichorwe kwenye ramani za matumizi bora ya ardhi ambazo vijiji tayari vinatakiwa kuwa nazo, na upana wake uandikwe. Malungu yaliyosimama yazungushiwe ua na yapewe mlinzi wa kijiji. Kila barabara inayowekwa lami iachiwe bega la kutosha kwa baiskeli, kwa ajili ya mwanafunzi na mkulima kabla ya mgeni. Mafundi baiskeli waliobaki wahesabiwe kuwa sehemu ya mpango, kwa sababu njia isiyo na fundi wa pancha haipitiki mbali. Na wazee wanaojua babu zao walipita wapi na majembe, na Phoenix zao zilipita wapi na mahindi, waulizwe sasa, mbele ya mpima ardhi, huku wakionyesha kwa mkono.